Allion inakula matairi ya mbele upande wa ndani, seti ya pili hii. Nifunge tairi gani?

KimaraMwisho
Wakuu, salaam. Nimepitia nyuzi za matairi humu karibu zote na nyingi zinaishia kwenye ugomvi wa Mjapani na Mchina, kwa hiyo nimeona nifungue wa kwangu wenye maelezo yanayojitosheleza.

Gari ni Toyota Allion, namba D, tairi 195/65R15. Kila siku ni Kimara–Posta, na mara mbili kwa mwezi nakwenda Morogoro kuwaona wazazi. Mwezi wa kumi nilifunga mbele matairi mawili mapya ya Kichina, laki na thelathini kila moja. Kufika mwezi wa pili yalikuwa yameisha kwa ndani. Nikafunga mengine mawili, na fundi akasema mchawi ni bushi (vipande vya mpira) za loa amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, nikabadilisha zote. Sasa ni mwezi wa sita, hadithi ni ile ile.

Ukisimama pembeni ya gari unaona kashata (meno ya tairi) zimesimama vizuri, unasema hili tairi linafika mwakani. Jumamosi nipo Msamvu najaza upepo, kijana kainama akaniambia, "Bosi, huku ndani waya zimetoka." Sikumwamini. Nikapitisha kidole, nikakitoa na damu.

Alaimenti (kupima na kunyoosha pembe za magurudumu) nimefanya mara tatu, sehemu tatu tofauti. Kila nikitoka usukani umenyooka, siku mbili tatu gari linaanza kuvuta kushoto.

Bajeti ni laki saba kwa matairi yote manne. Niambieni ninunue tairi gani lisiloliwa ovyo. Naomba kuwasilisha.

Bodaboda_Mstaafu
Siti ya mbele kabisa. Ngoja waje wataalamu.

Chuma_cha_Tokyo
Mkuu umejibu mwenyewe. Laki na thelathini unapata mpira wa ndala, siyo tairi. Nunua Bridgestone au Yokohama usahau habari hii miaka minne.

MzeeWaScania
Huyo hapo juu asikupotoshe, mwanangu. Nimeendesha malori toka enzi za General Tyre ya Arusha, tairi la nyumbani kabisa, na lile nalo ukilifunga kwenye mguu mbovu (vyuma vinavyoshika gurudumu) lilikuwa linaliwa upande kama mahindi ya kuchoma. Tairi bovu huisha lote, kulia, kushoto na katikati. Likiisha upande mmoja, kinachokula ni gari.

Chuma_cha_Tokyo
Sawa mzee wangu, heshima yako. Ila bei ina maana yake.

MguuSawa
KimaraMwisho, mimi nipo kwenye mashine ya alaimenti mwaka wa kumi na moja sasa. Nasema kwa urefu, samahani kwa wenye bando dogo.

Tairi linaandika lenyewe ugonjwa wa gari, shida ni kwamba watu hawalisomi, wanalitupa. Limeisha katikati na pembeni pazima, umejaza upepo kupita kiasi. Limeisha pembeni kote kuwili na katikati pazima, upepo ulikuwa mdogo. Lina mabonde na vilima ukilipapasa kwa kiganja, tazama shokapu na balansi. Sasa lako limeisha ndani tu, magurudumu yote mawili ya mbele, hapo tunaongelea pembe. Papasa tena uso wa tairi, safari hii toka ndani kwenda nje halafu rudisha mkono. Kama njia moja ni laini na nyingine inakwaruza kama msumeno, hiyo ni tou.

Tou ndiyo nini? Simama, tazama miguu yako. Vidole vikiangaliana, tou imeingia ndani. Vikitazama nje kama bata, tou imetoka. Gari lako linatembea kibata. Kemba ni kitu kingine, gurudumu kulala kwa juu kuja ndani au kwenda nje, nayo inakula upande lakini taratibu zaidi. Kasta haili tairi, inahusika na usukani kurudi wenyewe katikati.

Watu wanadharau tou kwa sababu ni vipimo vidogo. Piga hesabu hii. Tairi lako lina kipenyo cha milimita 635 hivi. Likikaa upande kwa milimita 3 tu toka ncha ya mbele hadi ya nyuma, basi kwa kila kilomita moja unayokwenda mbele, unaliburuza pembeni karibu mita 4.7. Dar mpaka Morogoro ni kilomita 190 na ushee. Kwa hesabu ya karatasi umeliburuza tairi kando karibu mita 900, kwenye lami ya saa saba mchana. Tairi la Mjapani litasema nini hapo?

Sasa nijibu haya kabla hujanunua chochote:

Waliokufanyia alaimenti, kuna hata mmoja aliyenyanyua gari kwanza akatikisa magurudumu kuona kama miguu inacheza? Walikupa karatasi ya vipimo, kabla na baada? Umeweka spesa za kuinua gari? Na hizo bushi za mwezi wa pili, fundi alipokuwa anakaza bolti za loa amu, gari lilikuwa juu ya jeki au limekaa chini? Swali la mwisho usilichukulie kama utani.

Halafu tusomee matairi ya nyuma. Hujayataja kabisa.

NuruDodoma
Namuunga mkono MguuSawa kwa la matairi ya nyuma. Mimi IST yangu ilishuka bandarini na matairi manne mazuri mno, kashata nene, nikafurahi kwamba miaka miwili siguswi. Mvua ya kwanza, natoka Chamwino kurudi mjini, nimekanyaga breki ya kawaida kabisa nyuma ya basi, gari likaendelea kama limepakwa sabuni. Nilisimama kwenye majani.

Nilikuja kuelimishwa na muuza matairi. Pembeni palikuwa pameandikwa STUDLESS. Ni matairi ya majira ya baridi ya Japani, ya kutembea juu ya theluji. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi kali, sasa lami ya Dodoma mchana unaijua. Linayeyuka kama ubani, na kwenye lami yenye maji halishiki vizuri. Mengine hayana hilo neno, yana alama ya mlima wenye vilele vitatu na theluji ndani yake. Kagua kaka.

KimaraMwisho
Nimerudi, nimeshuka chini na tochi ya simu. Mnisamehe, naona aibu kidogo.

Nyuma: yote mawili yameandikwa STUDLESS. Namba za mwisho ndani ya kile kiduara kirefu ni 3414. Yalikuja na gari, na kwa sababu hayaishi haraka kama ya mbele nikawa nayasifia.

Karatasi ya vipimo sijawahi kupewa. Kuna mmoja alinionyesha kioo cha kompyuta, rangi yote kijani, akasema "umeona?", nikalipa. Kutikisa miguu hakuna aliyefanya. Spesa sina.

Bushi: nilikuwepo siku ile, nimekaa kwenye kreti la soda. Gari lilikuwa juu ya jeki na stendi mwanzo mwisho, akakaza kila kitu, ndipo akafunga tairi akashusha.

MguuSawa
Basi mchawi tumeshamwona.

Bushi ya loa amu ni mpira uliogandishwa kwenye chuma, ndani na nje. Haizunguki kama beringi, inajinyonga. Gari likiwa juu, mguu umening'inia, loa amu imelala kwa kushuka. Ukikaza bolti hapo, umeiambia bushi kwamba huo ndio mkao wake. Ukishusha gari loa amu inapanda, na mpira unabaki umenyongwa muda wote, hata ukiwa umepaki nyumbani. Ukija kupiga tuta au shimo unanyongwa zaidi. Bushi ya kukaa miaka inachanika kwa miezi. Kinachotakiwa ni kufunga bolti kwa mkono tu, kushusha gari likae kwa uzito wake (au kuinyanyua loa amu kwa jeki mpaka ifike pale ingekaa gari likiwa chini), ndipo ukaze. Mafundi wengi hawafanyi kwa sababu chini pana nafasi finyu na spana haiingii vizuri. Sisemi wote.

Na hii ndiyo sababu kompyuta ilikuwa kijani mara zote tatu. Mashine inapima gari lililosimama. Bushi ikishachanika, ukikanyaga breki gurudumu linarudi nyuma na kugeuka nje, ukiachia linarudi. Hakuna mashine inayoliona hilo ukiwa umesimama juu ya njia zake. Alaimenti kwenye mguu unaocheza ni kupiga pasi nguo iliyo mwilini.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: miguu kwanza. Bushi, boljointi (kiungo cha loa amu na gurudumu), tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu), beringi za magurudumu. Halafu matairi. Alaimenti mwisho, upepo ukiwa sawa pande zote.

Shaba_Mwanza
Mimi niliweka spesa nikainua Premio inchi moja na nusu kwa ajili ya barabara ya kwetu. Sikurudia alaimenti. Miezi mitatu tairi kwisha. Nathibitisha.

KimaraMwisho
Fundi nimekuelewa kuliko nilivyomwelewa mwalimu wangu wa fizikia. Kuhusu matairi sasa: hiyo 3414 ni mbaya kiasi gani? Na nikipungukiwa hela nikanunua mawili tu, nafunga mbele si ndiyo?

MguuSawa
3414 ni wiki ya 34 ya mwaka 2014. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likifika miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama kashata zipo. Hayo yako ni ya kutoa leo, kwa umri na kwa aina.

Unapokwenda dukani usiangalie saizi peke yake. 195 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, 15 ni inchi za rimu. Baada ya hapo kuna kitu kama 91H. 91 ni uzito, kilo 615 kwa tairi moja. H ni mwendo, mwisho kilomita 210 kwa saa. Usishuke chini ya namba iliyo kwenye kibandiko cha gari lako, kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Na hapo hapo pameandikwa upepo. Yako nadhani itakuwa 220 (kilopaskali), hiyo ni sawa na PSI 32. Pima asubuhi kabla hujatembea, tairi likipata moto geji inasoma juu. Habari ya "weka thelathini na tano zote bosi" achana nayo.

Usikubali ubadilishiwe saizi kwa sababu "hii ndiyo ipo". Ukifunga 205/65R15 kipenyo kinaongezeka asilimia mbili hivi, mshale wa spidi unasoma 100 wewe upo 102, na ukikata usukani wote linaweza kukwaruza.

Kuhusu mawili: mapya yanakwenda nyuma.

Chuma_cha_Tokyo
Hapo fundi umeteleza. Allion inavuta kwa mbele, inakata kona kwa mbele, breki kubwa ni za mbele. Mapya nyuma ya nini?

MguuSawa
Nilijua utakuja, mkuu. Mbele ndiko kunakoisha haraka, ni kweli. Lakini uliza kipi kinakuua. Mbele wakiteleza kwenye maji, unahisi usukani umekuwa mwepesi, gari linakwenda moja kwa moja, unaachia mafuta linashika tena. Nyuma wakiteleza gari linageuka, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirudisha. Wewe ukifunga mapya mbele na vipara nyuma, unaingia kona ya Kitonga mvua inanyesha, mbele wanashika, mkia unakupita. Watengenezaji wa matairi wenyewe wanashauri mapya nyuma, hata kwa magari ya kuvuta mbele.

Ila kwa KimaraMwisho ubishi huu hauna kazi. Nyuma ana theluji, mbele ana waya. Anunue manne.

MzeeWaScania
Kona za Kitonga zimenifundisha hilo bila fundi.

Yakhe_Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Mimi nilikuwa mtu wa tairi za mtumba, nusu bei. Nimeacha. Siku moja nimeivua moja kwenye rimu, ndani kuna kiraka ukubwa wa kiganja na hapo nje haionekani kitu. Tena kwa joto la huku pwani tairi iliyotembea na upepo mdogo huko ilikotoka, imeshaungua ndani, itakupasukia wewe njiani Mariakani.

Swali langu ni la kamba. Kuna mzee hapa mtaani anafunga kamba kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, apima kwa rula, alaimenti yake ni shilingi mia tano. Ni uongo au yafaa?

MguuSawa
Yafaa, ndugu yangu, kwa tou. Kamba iliyovutwa vizuri haidanganyi, na kuna wazee wa kamba ninaowaheshimu kuliko vijana wenye kompyuta wasiojua wanachokitazama. Kemba na kasta kamba haipimi. Mwambie tu ahakikishe ameacha nafasi kama magurudumu ya mbele na ya nyuma hayalingani upana wa kukaa, la sivyo anasoma kosa.

Bodaboda_Mstaafu
Na upepo wa naitrojeni je? Kuna sehemu wanauza elfu tano kwa tairi.

NuruDodoma
Hewa ya bure unayovuta sasa hivi ina naitrojeni asilimia 78. Nunua geji kwa hiyo elfu ishirini.

KimaraMwisho
MREJESHO. Imepita wiki mbili.

Nilikwenda gereji nyingine, nikasimamia. Kijana akanyanyua gari, akashika gurudumu la kushoto saa tatu na saa tisa akatikisa. Akaingiza chuma kirefu kati ya loa amu na fremu, akakisukuma. Bushi ya nyuma ilifunguka kama mdomo. Mpira umechanika nusu duara, na ni ile niliyofunga mwezi wa pili. Ya kulia ilikuwa imeanza. Tairodi ya kushoto nayo ilikuwa inacheza.

Bushi mpya zote, tairodi zote mbili. Nikamwambia bolti za loa amu zikazwe gari likiwa chini. Akaniangalia, akaangalia chini ya gari, akaniangalia tena. Bosi wake akatoka ofisini akasema, "Mteja yuko sahihi, peleka kwenye shimo." Walilikaza kwenye shimo.

Matairi: nimechukua manne, 195/65R15 91H, yametengenezwa Indonesia, namba 4524. Laki na themanini kila moja baada ya kubembeleza, nimepita bajeti kwa elfu ishirini. Yana mshale wa ROTATION ubavuni na fundi wa matairi alikuwa ameshafunga moja kinyume, nikamrudisha. Balansi wamefanya. Nati wamekaza kwa mashine ya upepo, nikaomba wamalizie kwa mkono.

Alaimenti, karatasi ninayo mkononi. Kabla: tou ya mbele kushoto digrii -0.31, kulia -0.22. Baada: 0.03 na 0.04. Nimepiga ile hesabu ya fundi MguuSawa, 0.31 ni kama milimita 3.4. Gari halivuti tena.

Kasoro moja: usukani umelala kidogo kulia ninapokwenda moja kwa moja. Kidogo sana, mke wangu anasema naota.

MguuSawa
Huoti. Tou jumla ni sahihi ila hawakufunga kile kishikio cha usukani ukiwa katikati kabla ya kurekebisha, kwa hiyo tairodi moja imefupishwa zaidi ya mwenzake. Rudi nayo, ni dakika kumi na tano, wasikudai. Kabla ya hapo hakikisha siyo barabara inakudanganya: lami nyingi imeinuka katikati na sisi tunatembea kushoto, gari zima kabisa huteleza kidogo kwenda kushoto na wewe unashikilia kulia bila kujijua. Tafuta sehemu tambarare.

Siku nyingine gari likivuta baada ya tairi jipya, badilishana ya mbele kulia na kushoto kabla ya kulipia alaimenti. Mvuto ukihamia upande wa pili, ni tairi. Lakini wewe yako yana mshale, kwa hiyo hapo mpaka uvue kwenye rimu.

KimaraMwisho
Wamenyoosha usukani bure. Nimenunua na kile kipimo kidogo cha kina cha kashata. Juzi nimetoka Morogoro, jumla kilomita 2,100 tangu nifunge: kushoto ndani milimita 7.5, nje 7.5. Kulia ndani 7.5, nje 7.6. Nimepima mara tatu kwa furaha.

MzeeWaScania
Kilomita elfu kumi zungusha, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele, upande ule ule kwa sababu ya mshale.

Bodaboda_Mstaafu
Mkuu hizo za theluji mbili unaziuza bei gani? Kuna jamaa yangu ana bajaji ya kubebea mizigo anatafuta rimu na tairi kwa tela.

KimaraMwisho
Haziuzwi. Moja nimeichana ubavu nikaitupa, nyingine watoto wameifunga kamba kwenye mwembe.